Manyoya ya paka yakisokotana, usikimbilie mkasi wala dawa ya josho

• Paka mzima hujisafisha mwenyewe. Akiacha, mara nyingi kuna kitu kinamsumbua.
• Fundo la manyoya hufumuliwa likiwa kavu, kuanzia nchani, kama nywele zilizosukwa.
• Dawa ya kuogeshea ng'ombe, mafuta ya taa na oili chafu vinaweza kumuua.

Handeni/Korogwe. Katika nyumba nyingi za vijijini eneo la Masuguru, mkoani Tanga, paka hafugwi kwa ajili ya kupigwa picha. Ana kazi. Mahindi yakishaingia ndani, panya nao hawako mbali, na mlinzi wa usiku ni yeye.

Ndiyo maana akibadilika, watu wanaona. Juzi alikuwa anang'aa. Leo manyoya ya mgongoni yamesimama vipande vipande, kwapani kuna mafundo magumu na kifuani kumelowa mate. Watoto wanasema ananuka. Mmoja anashauri akatwe manyoya kwa mkasi. Mwingine anakumbuka kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe imebaki kwenye chupa.

Hapo ndipo paka wengi wanapoumizwa na watu wanaotaka kuwasaidia.

Fundo lenyewe huuma na husumbua, lakini mara nyingi siyo linaloua. Kinachoua ni mkasi uliopitiliza, dawa isiyo ya paka, au ugonjwa uliojificha nyuma ya fundo na hakuna aliyejiuliza umetoka wapi.

Kwa hiyo kabla ya kushika kitana, swali la kwanza ni moja: kwa nini huyu paka ameacha kujisafisha?

Ulimi wake ndio kitana chake

Paka mzima anaweza kutumia karibu robo ya muda anaokuwa macho akijilamba. Siyo mchezo wala uvivu. Ndivyo anavyotoa manyoya yaliyokufa, vumbi na wadudu, na ndivyo anavyojipoza joto likizidi.

Ukimgusa ulimi unakwaruza kama msasa. Una vijimwiba vidogo vingi vilivyopinda kuelekea kooni. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani walionyesha kuwa ncha za vijimwiba hivyo zina uwazi mfano wa kijiko, ambao hunyonya mate na kuyapeleka hadi karibu na ngozi. Yaani paka akijilamba anajichana na kujiosha kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo, paka mwenye afya hahitaji kuogeshwa kila wiki. Kazi hiyo anaifanya mwenyewe.

Sasa kuna tofauti ya kuizingatia. Paka wa Kiajemi na machotara wake, wale wenye manyoya marefu wanaofugwa zaidi mijini, husokotana kirahisi hata wakiwa wazima. Manyoya yao ni mengi kuliko uwezo wa ulimi. Hao wanahitaji kuchanwa na binadamu karibu kila siku.

Paka wetu wa kienyeji siyo hivyo. Wengi wana manyoya mafupi yaliyolala mwilini, yanayofaa joto la ukanda huu. Hata paka wa Sokoke, aina inayotoka kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke huko pwani ya Kenya, anajulikana kwa manyoya mafupi yaliyobana mwili.

Kwa hiyo paka wa manyoya marefu akiwa na mafundo, huenda hajachanwa tu. Paka wa manyoya mafupi akiwa na mafundo, kuna jambo. Ama amenasa kitu, ama mwili umemshinda, ama ngozi ina tatizo.

Amenasa kitu?

Hiki ndicho chanzo chepesi kukigundua. Paka anayezunguka mashambani hurudi na mbegu za kishona nguo, zile nyeusi nyembamba zinazoganda kwenye suruali na kanga. Zikiingia kwapani au chini ya mkia, manyoya hujizungusha juu yake, na baada ya siku chache fundo linakuwa gumu kama kokwa.

Utomvu wa fenesi ni kesi nyingine. Tanga ni mkoa wa mafenesi, na anayelipasua anajua cha kufanya: anapaka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kwanza. Utomvu ukimpata paka, maji na sabuni peke yake havitasaidia. Mafuta yaleyale ndiyo yanayouachia.

Halafu kuna gundi ya panya, ile inayouzwa na wamachinga kwenye kipande cha kadi. Inatandikwa usiku kwa ajili ya panya, asubuhi anakutwa paka amenasa miguu na ubavu.

Akinasa, usimvute, ngozi inaweza kuchanika. Mfunike kwa taulo ili asijigeuze na kunasa zaidi. Sehemu ya kadi iliyobaki wazi imwagie unga au uibandike karatasi, isiendelee kushika. Kisha tia mafuta ya kula ya uvuguvugu pale manyoya yanapokutana na gundi, sugua taratibu kwa vidole mpaka iachie. Ukimaliza, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, umsuuze vizuri na kumkausha.

Kosa linalofanyika sana hapa ni kutumia petroli, mafuta ya taa au tina. Vitatoa gundi, ni kweli, lakini vinaunguza ngozi, na paka atakwenda kujilamba vyote vikaingia tumboni.

Mwili umemshinda?

Kama hakuna kilichonasa, angalia mafundo yako wapi.

Mafundo ya mgongo wa chini na kiunoni mara nyingi yanaonyesha paka hawezi kujipinda kufika huko. Huenda amenenepa sana, au ni mzee na viungo vinauma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulipitia picha za eksirei za paka 100 wenye zaidi ya miaka 12, na 90 kati yao walionekana kuwa na mabadiliko ya viungo. Paka mzee hachechemei sana kama mbwa. Anaacha tu kuruka juu ya magunia, anaacha kujilamba kiunoni, na watu wanasema amekuwa mvivu.

Manyoya yaliyolowa na kugandana kifuani, chini ya kidevu na kwenye miguu ya mbele yanaelekeza mdomoni. Fizi zilizovimba, jino lililooza au kidonda kwenye ulimi humfanya adondoshe mate na aogope kujilamba. Mfungue mdomo taratibu kama ni mpole. Ukiona wekundu mkali kwenye fizi, au harufu kali, umepata jibu.

Mafundo chini ya mkia huja na kuharisha, minyoo au mkojo unaovuja. Hapo kusafisha manyoya bila kutibu tumbo ni kazi bure, wiki ijayo utarudia.

Na kama mwili mzima umechakaa, manyoya hayana mng'aro, amekonda, anakunywa maji mengi kuliko kawaida au hali, tatizo ni kubwa zaidi. Magonjwa ya figo, kisukari na homa za muda mrefu hujionyesha hivyo. Paka mgonjwa, kama mtu mgonjwa, usafi ni kitu cha kwanza kuachwa.

Ngozi inawasha?

Paka mwenye viroboto hujikuna na kujing'ata mpaka manyoya yanakatika na kuchanganyika na mba na damu kavu. Mafundo yanajengeka hapo.

Kipimo chake ni rahisi. Mchane juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Ukiona vipunje vyeusi vinadondoka na kuacha alama nyekundu kama kutu kwenye maji, hicho ni kinyesi cha viroboto. Ni damu ya paka iliyomeng'enywa.

Viroboto siyo wa kupuuzwa. Wanambebesha paka minyoo tegu, na paka mdogo mwenye viroboto wengi anaweza kuishiwa damu mpaka akafa. Wakazi wa ukanda huu pia wana kumbukumbu ya karibu: wilaya jirani ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Nyumba isiyo na viroboto ni afya ya wote walalao ndani.

Kama kuna mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, hasa kichwani, masikioni au miguuni, huenda ni fangasi ileile inayoitwa mashilingi kwa watoto. Inatoka kwa paka kwenda kwa binadamu, na kurudi. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, osha mikono kwa sabuni, na watoto wasilale naye mpaka apone.

Ukoko mzito wa kijivu kwenye ncha za masikio na usoni mara nyingi ni upele unaoletwa na utitiri. Nao una dawa, lakini siyo oili chafu ya gari.

Jinsi ya kufumua fundo

Aliyewahi kukaa chini afumuliwe nywele zilizosukwa muda mrefu anajua kanuni mbili: shika shina, anzia nchani. Ukianzia juu na kuvuta, unalia. Paka ni hivyohivyo, tofauti yake ni kwamba yeye ana kucha.

Vitu vinavyohitajika viko nyumbani: kitana cha meno mapana, kitana cha meno membamba, mswaki wa zamani, kanga au taulo, na dagaa wachache wa kumtuliza.

1. Chagua muda ametulia. Baada ya kula, jioni, mahali pasipo na mbwa wala kelele. Wawe watu wawili, mmoja ashike, mwingine achane.

2. Mfunge na kanga. Mwili na miguu ndani, sehemu yenye fundo nje. Isikaze kifua, na kichwa kiwe wazi apumue.

3. Tia unga laini. Tumia wanga wa mahindi, ule mweupe unaouzwa dukani kwa ajili ya kukoleza supu. Nyunyiza kidogo kwenye fundo, sugua kwa vidole. Unafanya manyoya yateleze. Epuka poda ya mtoto yenye talki, kwa sababu ataivuta puani na kuilamba.

4. Gawa fundo kwa vidole. Usitumie kitana kwanza. Livute pande mbili taratibu liwe mafundo madogo mawili, halafu manne.

5. Bana shina. Shika manyoya kwa vidole viwili kati ya fundo na ngozi. Hivyo kitana kikivuta, kinavuta vidole vyako, siyo ngozi yake.

6. Chana kuanzia nchani. Kitana cha meno mapana kwanza, milimita chache kwa wakati, ukisogea kuelekea kwenye ngozi. Kikishapita bila kukwama, rudia na cha meno membamba.

7. Acha mapema. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Mkia ukianza kupigapiga, masikio yakilala nyuma au akinguruma, mwachie, mpe dagaa, rudi kesho. Fundo lililochukua mwezi kujifunga halilazimiki kutoka leo.

Ukishatoa fundo, tazama ngozi iliyokuwa chini yake. Mara nyingi ni nyekundu kwa kukosa hewa. Ikiwa kavu na haina kidonda, iache ipumue. Ikiwa na usaha, maji maji au harufu, hiyo ni ya mtaalamu.

Kwa nini mkasi ni hatari

Ngozi ya paka ni nyembamba, haizidi takriban milimita 2 na sehemu nyingine ni chini ya hapo. Pia imelegea. Ukivuta fundo, ngozi inapanda nalo kama hema. Kwa macho unaona manyoya tu, kumbe kati ya makali ya mkasi kuna ngozi.

Kidonda cha namna hiyo mara nyingi hufunguka kwa ghafla na kuhitaji kushonwa. Hatari ni kubwa zaidi kwapani, tumboni na kwenye mikunjo ya miguu ya nyuma, na huko ndiko mafundo mengi yalipo.

Kama fundo limegoma kabisa, njia salama ni mashine ya kunyolea ya mtaalamu. Wembe usifikiriwe.

Maji baadaye, siyo kwanza

Wengi wakiona paka mchafu wanachukua beseni. Subiri. Fundo likilowa, manyoya hujibana zaidi, na likikauka linakuwa gumu kuliko mwanzo. Fikiria kamba ya katani iliyolowa ikakauka na fundo lake.

Unyevunyevu unaobaki ndani ya fundo una tatizo jingine: ngozi inachubuka, inatoa harufu, na nzi wanafuata. Wakitaga mayai hapo, funza watakula ngozi ikiwa hai. Hali hiyo hutokea haraka, hasa kipindi cha mvua na joto.

Utaratibu ni huu: fumua kwanza, osha baadaye, na uoshe tu kama kuna sababu, mfano mafuta au kinyesi. Kisha mkaushe mpaka kwenye ngozi.

Dawa zinazoua

Hapa ndipo wafugaji wa ukanda wa Handeni na Korogwe wanapaswa kuwa makini zaidi, kwa sababu dawa za kupe ziko karibu kila kijiji chenye ng'ombe na mbuzi.

Dawa nyingi za josho na za kunyunyizia mifugo zina viambata vya jamii ya pairetroidi, kama saipamethrini na deltamethrini, au kiambata kiitwacho amitrazi. Ng'ombe anavimudu. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja sumu za aina hiyo, hasa pamethrini inayopatikana pia kwenye dawa nyingi za viroboto wa mbwa. Kipimo kinachomfaa mbwa kinaweza kumuua paka.

Dalili huanza ndani ya saa chache: kutetemeka, kutoa mate mengi, kuyumba, kisha degedege. Ikitokea umempaka, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mweke mahali penye joto la kawaida na umuwahishe kwa mtaalamu ukiwa na chupa ya dawa mkononi. Usimlazimishe kutapika wala kumnywesha maziwa.

Vitu vingine vya kuweka mbali:

• Mafuta ya taa na oili chafu. Vinaunguza ngozi, na akijilamba vinaweza kuingia mapafuni.

• Dawa za kuua vijidudu ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa kwenye maji. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ni sumu kwa paka hata kama zinafaa kwa sakafu.

• Parasetamo. Usimpe eti maumivu yapungue. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa.

Tatizo la vyote hivi ni lilelile. Chochote unachompaka paka nje, kesho kiko tumboni, kwa sababu atakilamba.

Dawa za viroboto zinazofaa paka zipo. Lebo iseme wazi kuwa ni ya paka, na itaje uzito au umri. Muuzaji akikwambia ya mbwa ni sawa, punguza tu, iache hapohapo dukani.

Akikung'ata au kukukwaruza

Paka anayeumwa anaweza kung'ata hata anayempenda. Meno yake ni membamba, yanaingia ndani, na tundu linaonekana dogo huku vijidudu vikiwa vimeshafika chini. Mkono ukianza kuvimba na kuuma ndani ya siku moja au mbili, nenda kituo cha afya.

Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Jina linasema mbwa, lakini paka aliyeng'atwa na mbwa au mnyama mwingine mwenye kichaa anaweza kukipata na kukiambukiza. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huo huua karibu kila mara. Kabla ya hapo unazuilika.

Shirika la Afya Duniani linashauri jeraha lioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu awahi hospitali kwa ajili ya chanjo. Usipake majivu, pilipili wala mafuta. Na usisubiri kuona paka atafanyaje.

Paka aliyekuwa mpole ghafla akawa mkali, anayeyumba, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, asishikwe kabisa kwa ajili ya kuchanwa. Mfungie chumbani kama inawezekana bila kumgusa, na toa taarifa kwa afisa mifugo.

Chanjo ya paka hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na hurudiwa kwa ratiba ya mtaalamu. Siku za kampeni za chanjo ya mbwa, beba na paka ndani ya kikapu au tenga lenye mfuniko.

Wakati wa kutafuta mtaalamu

Usiendelee kuhangaika nyumbani kama:

• Mafundo yameungana na kuwa kama mkeka mmoja mgongoni au tumboni.
• Kuna kidonda, usaha, funza au harufu ya kuoza.
• Hajala kwa siku mbili. Paka asiyekula, hasa mnene, ini lake linaweza kudhurika haraka.
• Anajaribu kutapika mara kwa mara bila kutoa kitu. Kutapika donge la manyoya mara mojamoja ni kawaida, kukwama siyo kawaida.
• Dume anachuchumaa kukojoa na hakitoki kitu. Hiyo ni dharura ya saa, siyo ya siku.

Pa kuanzia ni kwa afisa mifugo wa kijiji au kata. Asipokuwa na vifaa, atakuelekeza ofisi ya mifugo ya wilaya au daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Paka aliyesokotana mwili mzima hunyolewa kwa mashine akiwa amepewa dawa ya usingizi, na hiyo siyo kazi ya kufanyiwa uani. Kwa matatizo makubwa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro, kinachofundisha madaktari wa mifugo, kina hospitali ya wanyama.

Wapo watakaouliza, gharama yote hiyo kwa paka? Jibu la kwanza ni la kisheria: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama asimwache ateseke bila sababu. Jibu la pili liko stoo. Paka asiyeweza kujipinda kujilamba hawezi pia kumrukia panya.

Dakika chache kwa wiki

Kuzuia ni rahisi kuliko kufumua. Paka wa manyoya mafupi anatosheka na kuchanwa mara moja kwa wiki. Wa manyoya marefu achanwe kila siku au kila baada ya siku moja. Mzee na mnene wasaidiwe kiunoni na chini ya mkia, mahali wasipofika.

Mwanzoni usilenge kumchana mwili mzima. Pitisha mkono nyuma ya masikio, kwapani, tumboni na kwenye mapaja ya nyuma. Ukigusa kifundo kidogo kama punje ya mahindi, kitoe siku hiyohiyo. Akirudi kutoka shambani, mtoe kishona nguo kabla hajalala.

Mzoeshe angali mdogo. Paka aliyeguswa miguu, masikio na tumbo tangu utotoni hatahitaji kufungwa kanga ukubwani.

Zoezi hilo lina faida nyingine. Mkono unaopita mwilini kila wiki ndio unaogundua mapema kwamba amekonda, ana uvimbe, ana viroboto au anauma mahali fulani. Paka hatasema. Manyoya yake ndiyo yanayosema, na yakianza kusokotana, anayemfuga atafute kwanza kinachomsumbua, kisha ndiyo ashike kitana.